Wavu na Sadaka

Je, mtu huandikiwa thawabu kwa kitu alichonyang'anywa? Swali hili limenikaa tangu nilipoanza kupanda bluberi nyuma ya nyumba yetu hapa Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, nalo limenirudisha kwenye vitabu ambavyo sikuwa nimevifungua tangu nilipotoka madrasa, Mombasa. Ndege huja Julai, matunda yakianza kuiva. Huja jua halijachomoza, nami nikiwa bado zamu ya usiku kazini, na nikirudi hukuta vikonyo vitupu. Dukani ninakonunua mbolea huuzwa wavu wa kufunikia miti. Bei yake si kubwa. Kinachonisumbua ni kama nikiutandaza nitakuwa nimeufunga mlango ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, alitwambia uko wazi.

Bluberi zangu si zile ndefu za mashamba makubwa zinazompita mtu kimo. Ni aina fupi zilizotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1983: Northsky, ambayo haivuki magoti yangu, na Northblue, ambayo mwaka ukiwa mzuri hukaribia kiuno. Watafiti waliichanganya bluberi ndefu na ile ya porini inayotambaa chini, wakapata mti wenye matunda ya kutosha na kimo cha kufunikwa na theluji. Ufupi wake ndio uhai wake. Huku baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Tawi lililochomoza juu ya theluji hukaushwa na upepo, na lililo chini yake hulala salama mpaka Aprili. Tena mti huu hauzai bila baridi. Unahitaji kiasi cha saa elfu moja za ubaridi ndipo macho yake ya maua yafunguke sawasawa, kwa hiyo hata ningeupeleka Kisauni, Mombasa, na kuumwagilia kila siku, ungekaa majani matupu. Nilipomweleza mama kwenye simu habari za mti unaozikwa na barafu kisha ukazaa, alisema Subhanallah, akanyamaza kidogo, akauliza tunda lenyewe lina ladha gani. Nikamwambia ni zambarau iliyoondolewa ukakasi.

Sifa yake kubwa, kwa mwenye kuulea, ni ugumu wa kuupatia udongo. Mahindi na sukuma wiki huridhika na udongo wenye pH ya 6 hadi 7. Bluberi inataka udongo mchachu, wa 4.5 hivi. Wangu, ulipopimwa kwenye maabara ya chuo kikuu, ulikaribia 7. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma yanaweza kuwa tele, lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mti hufa njaa juu ya chakula. Dawa ni salfa ya unga, ila salfa peke yake haifanyi lolote. Kuna bakteria wa ardhini wanaoila na kuigeuza asidi, nao hufanya kazi pakiwa na joto na unyevu tu, kwa hiyo mtu huimwaga mwaka huu ili apande mwaka ujao. Mbolea nayo huchaguliwa: SA, yaani salfeti ya amonia, ndiyo inayoifaa, maana mti huu unapenda naitrojeni ya amonia. Mizizi iko juujuu, haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingine hunywea maji, na imewapa makao kuvu wadogo wanaoivunia chakula kutoka kwenye mboji ambayo mimea mingine isingeweza kuitumia. Ndiyo maana hailimwi kwa jembe pembeni yake. Hutandazwa majani makavu ya misonobari, ambayo jirani yangu mzee alikuwa akinikusanyia kwa magunia kila vuli, akiyaleta mwenyewe kwenye toroli.

Kisha maua. Yana umbo la kengele iliyoelekea chini, na chavua imefungiwa ndani ya vijirija vyenye tundu dogo kwenye ncha. Upepo hauitoi. Huja nyuki wakubwa wenye manyoya, wakaling'ang'ania ua na kulitetemesha kwa misuli yao mpaka chavua ikamwagika. Nimesimama karibu nikausikia mtetemo huo.

Katika Suratul Waqia Mwenyezi Mungu anawauliza watu juu ya wanachokipanda: ni wao wanaokiotesha, au ni Yeye? Madrasa tulilijibu swali hilo haraka, kwa sauti moja, tukaendelea na aya inayofuata. Nikiwa nimepiga magoti kwenye majani ya misonobari naliona lina urefu. Mimi nimemwaga salfa. Bakteria ambao sijawahi kuwaona wameigeuza. Kuvu wamelisha mizizi, nyuki wamelitikisa ua, theluji imelifunika tawi. Na kabla yangu kuna watu. Mpaka mwanzo wa karne iliyopita wakulima wengi waliamini bluberi haifugiki, kwa sababu kila aliyeihamisha kutoka porini na kuipa udongo mzuri na samadi aliiua. Mwaka 1910 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Idara ya Kilimo ya Marekani, alichapisha majaribio yake yaliyoonyesha kuwa mti huu unataka udongo mchachu, ule ambao mkulima angeuita mbovu. Elizabeth White, binti wa mwenye mashamba pale Whitesbog, New Jersey, aliyasoma akamwandikia. Kuanzia mwaka uliofuata walishirikiana: White akawaomba watu wa msituni wamtafutie miti yenye matunda makubwa, akawalipa, na mti akauita kwa jina la aliyeuona. Aina ya Rubel, ambayo bado inapandwa leo, ina jina la mwindaji Rube Leek. Mwaka 1916 wakapeleka sokoni mavuno yao ya kwanza. Nani basi aliyepanda mti ulio nyuma ya jikoni yangu? Siwezi kusema mimi bila kuona haya.

Hadithi inayonishughulisha imepokewa na Anas bin Malik, na imo ndani ya Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala ndege, au mtu, au mnyama, huwa ni sadaka yake. Watu wengi wa pwani tumeijua tangu utotoni. Ambacho mimi sikukijua mpaka nilipokuwa mtu mzima ni riwaya nyingine katika Muslim, iliyopokewa na Jabir, inayoongeza kuwa hata kilichoibwa kwenye mti huo ni sadaka. Na katika mojawapo ya riwaya zake Mtume alikuwa ameingia kwenye shamba la mitende la mwanamke wa Kiansari, Ummu Mubashir, akamuuliza ni nani aliyeupanda mtende ule. Hunifurahisha sana kwamba maneno haya yalisemwa ndani ya bustani ya mwanamke, naye amesimama humo.

Lakini kuna Hadithi nyingine, ya kwanza kabisa katika Bukhari, iliyosimuliwa na Umar, inayofunga kila amali na nia yake. Ukiziweka mbili hizi pamoja panatokea ugumu ambao siwezi kuupita. Mwizi anapochuma, mwenye mti amelala, au yuko macho amekasirika. Hana nia ya kutoa. Ana nia ya kuzuia, na pengine mkononi ana fimbo. Sadaka imetoka wapi? Tukisema ni zawadi tu ya Mwenyezi Mungu, jibu ni sahihi, ila linafunga mazungumzo mapema mno, maana zawadi hiyo hakupewa kila aliyeibiwa. Katika Hadithi hii imetajwa kwa mpandaji.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye vitabu vyake vimesomeshwa pwani yetu vizazi na vizazi, anasema katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba malipo ya mpandaji yanaendelea maadamu mti upo na kile kilichozaliwa nao, hata Siku ya Kiyama. Niliposoma hapo nilianza kuona njia. Malipo yamefungwa na mti, hayakufungwa na moyo wa mwenye mti asubuhi ile ndege walipokuja. Nia ilishuka ardhini pamoja na mche. Ndivyo ilivyo kwenye wakfu. Umar alipoitoa ardhi yake ya Khaybar isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, alinuia mara moja. Hakuhitaji kunuia upya kila tende ilipochumwa. Na kwetu, aliyeuwekea msikiti minazi wakfu ameshakufa zamani, na minazi bado inaanguliwa.

Mwenye wakfu, hata hivyo, alitamka. Aliachia. Mimi sikuachia kitu: nilipanda kwa sababu nilitaka watoto wangu wale bluberi bila kuzinunua kwa bei ya hapa. Kuwalisha watoto nako ni sadaka, tumefundishwa hivyo, lakini ndege hakuwa katika hesabu yangu. Nimelifikiria jambo hili sana nikiendesha gari kurudi nyumbani alfajiri, na nimefika mahali hapa: anayepanda kitu nje, chini ya mbingu, anajua ndege wapo. Anajua watoto wa jirani wapo, na sungura, na wapita njia. Akipanda pamoja na kujua huko, ameshakubali jambo kubwa kuliko lile alilolisema moyoni. Angetaka chakula kisichoguswa na yeyote angekinunua na kukifungia kabatini. Kupanda ni kukubali kushirikiana na usiowajua, hata kama ulimi haukutamka, na naamini kukubali huko ndiko Mwenyezi Mungu anakokuhesabu.

Kama ni hivyo, wavu ni kujitoa katika makubaliano? Hapo ndipo Suratul Qalam inaponitisha. Inasimulia wenye bustani walioapa kwamba wataivuna asubuhi mapema, wala hawakusema inshallah. Wakaamshana, wakaenda wakinong'onezana kuwa leo maskini yeyote asiwaingilie. Walipofika waliikuta imeteketea usiku walipokuwa wamelala, mpaka wakadhani wamepotea njia. Wafasiri husimulia kuwa baba yao alikuwa akiwapa maskini fungu lao, na wana walipoirithi bustani wakaona baba alikuwa mpumbavu. Hawakuweka wavu watu hawa. Ukuta wao ulikuwa saa: walitaka kumaliza kabla mwenye njaa hajaamka.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi nikitafuta kosa lilipo, kwa sababu si kosa kuvuna shamba lako. Si kosa hata kulilinda. Ninaloliona ni mambo mawili yaliyoshikana. Waliapa juu ya kesho kana kwamba kesho ni yao, na walitaka asiingie hata mmoja. Mtu angeweza kulinda nusu akabaki salama. Wao walitaka yote, na walitaka kuwa na hakika.

Qurani inataja haki ya mavuno itolewe siku ya kuvuna, na wanazuoni wamekhitilafiana haki hiyo inaingia kwenye matunda gani. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, matunda yenye zaka ni tende na zabibu, tena yafike kiwango cha wasaki tano. Kwa Abu Hanifa ni karibu kila kinachooteshwa na ardhi, kichache au kingi. Mti wa Northsky hutoa nusu kilo ya matunda, pengine hadi karibu kilo. Kwa Shafii sidaiwi. Kwa Abu Hanifa ningetoa kama konzi moja kwa kila mti. Inanipendeza kwamba mtu mkubwa kama yule aliwazia hata konzi.

Huku nilipo kuna watu walioijua haki hii kabla ya sisi wageni kufika. Waojibwe wa kaskazini ya Minnesota wamechuma bluberi za porini tangu kale, wakizikausha kwa ajili ya majira ya baridi, na desturi yao ni kuweka tumbaku chini kabla ya kuchukua kitu kutoka ardhini. Imani yetu si moja. Lakini siwezi kulitazama jambo hilo bila heshima: kabla mkono haujachuma, umeweka.

Tukirudi kwenye ndege. Wakubwa wa wezi hawa ni wale wenye kifua chekundu wanaoitwa robini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya ndege wahamao inawalinda, kwa hiyo kuwaua hakuruhusiwi, nami nisingetaka. Wavu wenyewe una hatari. Ule mwembamba wenye matundu mapana, ukitupwa juu ya mti ovyo, humnasa ndege miguu na mabawa, akafa kwa kiu huku matunda yako mbele yake. Sisi tuliofundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, hatuna udhuru hapo. Anayefunika ajenge fremu ya mbao, auvute wavu wa matundu madogo ukaze, aufungie chini kote, na aukague kila siku.

Nilimpigia mama nikamwambia, "Mama, ndege wananimalizia matunda, na wavu naogopa kuuweka."

"Kwani ule mkunazi wetu wa uani ulikuwa na wavu, mwanangu?"

"Haukuwa nao."

"Na nyinyi mlikosa kunazi?"

Hatukukosa. Lakini mkunazi ni mti mkubwa, hujaza ua mzima, na miti yangu ingetosha ndani ya kapu. Nikamwambia hivyo. Akasema basi niufunike mmoja niuache mwingine, na wa kuuacha nisichague ule mbovu. Mama hakusoma tafsiri yoyote, ila alichokisema kiko katika Suratul Baqara, pale waumini wanapokatazwa kuelekea vibaya wakavitoa, na katika Al Imran, panaposemwa kuwa mtu hafikii wema mpaka atoe katika anavyovipenda. Aya hiyo ilipoteremka Abu Talha alisimama akaitoa Bayruha, bustani yake iliyoelekea msikiti, aliyoipenda kuliko mali yake yote. Na msimulizi wa kisa hicho ni Anas, yule yule aliyetusimulia habari ya mti na ndege. Abu Talha alikuwa mume wa mama yake. Nyumba moja imetupa yote mawili.

Basi Northblue ndio ulioachwa wazi. Matunda yake ni makubwa zaidi na yana rangi nzito, na ndio ninaoupenda. Northsky mbili zimejengewa fremu. Kijana wangu mkubwa hakukubaliana nami. Kwake ilikuwa kinyume cha akili kufunika kilicho kidogo na kuacha kilicho bora. Nilimpelekea mama malalamiko hayo nikidhani atakuwa upande wangu. Akanikumbusha mwisho wa kisa: Mtume alimwambia Abu Talha awape jamaa zake, naye akaigawa Bayruha kwa watu wa ukoo wake. "Usipeleke sadaka mbali ukawaruka wanao," alisema. Kwa hiyo sasa mti ulio wazi ni wa anayewahi. Mwanangu mdogo ameanza kuamka baada ya swala ya alfajiri asirudi kulala, akatoka na bakuli, na kuna asubuhi anazokuta robini wameshamaliza upande wa mashariki, akachuma wa magharibi. Hajawahi kuwafukuza. Sijamwambia asiwafukuze.

Zimebaki zile zilizofunikwa, nazo zina masharti. Ninapozivuna nasema inshallah kabla, jambo ambalo zamani nisingelisema juu ya bakuli la matunda, na konzi ya Abu Hanifa hutoka, ingawa si madhehebu yangu. Hupelekwa kwa jirani yule wa misonobari. Anatembea kwa fremu ya magurudumu siku hizi, na miti hii mifupi ameipenda kwa sababu akikaa kwenye kiti cha bustani tawi liko mkononi mwake. Nazi inataka mkwezi. Asiyeweza kukwea hungoja aliyekwea amwangushie. Mti unaofika magotini hauchagui: mtoto anaufikia, mgonjwa anaufikia, sungura anaufikia, na ndiyo maana kuulinda ni kazi na kuutoa ni rahisi. Wakati wa baridi huizungushia yote waya wa kuku, kwa kuwa sungura hula tawi lenyewe, na aliyekula tawi amekula pia ya mwaka ujao, yake na ya ndege. Waya huo sijauonea shaka hata kidogo.

Katika makao ya wazee ninapofanya kazi kuna bibi aliyekulia kaskazini, anayesimulia jinsi walivyokuwa wakichuma bluberi msituni na ndoo, mwaka mmoja baada ya mwingine, mahali palipoungua moto. Miti hii mifupi hukubali kukaa kwenye chungu kipana chenye mboji ya kinamasi, mradi maji yake yawe ya mvua, maana ya bomba ya huku yana chokaa. Nimeomba ruhusa ya kuweka vyungu viwili kwenye veranda yao majira ya kuchipua, nikakubaliwa. Maua ya mwaka wa kwanza itabidi yakatwe ili mizizi ishike, na hilo nimeshamweleza bibi, kwamba mwaka huu kutakuwa na majani tu. Aliniuliza kama ndege hufika ghorofa ya pili. Nikamwambia hufika.